Neno 'isipokuwa' linavyoweza kumkosesha mwombaji nafasi ya kusomea sheria

"Hakuna mwombaji atakayeruhusiwa kuingia ukumbini isipokuwa awe na kitambulisho. Amina ana kitambulisho. Je, Amina ataruhusiwa kuingia?"

Binti wa kaka yangu, ambaye naishi naye hapa Busanza, tarafa ya Kanombe, wilayani Kicukiro, hakufikiri hata nukta mbili.

"Ndiyo, shangazi. Si ana kitambulisho?"

"Na nani amekwambia kitambulisho kinatosha?"

Alinyamaza, akaisoma kauli ile upya. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa Kanombe, na kwa kelele zake hatukuweza kusema lolote kwa muda. Ilipokwisha kutua, alikuwa ameshika kalamu na kulifuta jibu lake. Kauli inasema kwamba asiye na kitambulisho hataingia. Haisemi kwamba kila aliye nacho ataingia. Huenda Amina amechelewa, huenda hajalipa ada, huenda jina lake halimo katika orodha. Jibu sahihi ni kwamba hatuwezi kujua.

Amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ambako waombaji wa shahada ya kwanza ya sheria hufanya mtihani wa kujiunga kabla ya kudahiliwa. Baba yake, yaani kaka yangu, amekwisha kutangaza msimamo: ada ya mtihani na nauli ya basi hadi Kampala ataitoa mara moja tu. Binti akikosa, atajiunga na kozi nyingine hapa nyumbani. Ndiyo maana maswali kama hili la Amina yamekuwa shughuli yetu ya jioni, naye ananitegemea mimi ambaye si mwanasheria bali mfasiri wa habari.

Nilianza kwa wasiwasi, nikidhani kwamba sina la kumfundisha. Kadiri tulivyoendelea niligundua kwamba makosa yake mengi nayafahamu vizuri. Ni makosa ya mfasiri.

Ni mitihani gani inayotumia maswali haya?

Nchini Rwanda, kuingia katika Chuo Kikuu cha Rwanda kunategemea zaidi matokeo ya mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari. Taasisi ya Nyanza, katika Mkoa wa Kusini, inayojulikana kwa kifupi kama ILPD, huwapokea watu ambao tayari wana shahada ya sheria na wanataka mafunzo ya kazi yenyewe. Kwa hiyo kijana wa Kigali hukutana na mtihani wa kujiunga na masomo ya sheria pale anapovuka mpaka, aende Uganda au aende mbali zaidi.

Uingereza kuna mtihani uitwao LNAT, ulioanzishwa mwaka 2004, ambao hutumiwa na vyuo vikuu kama Oxford, Bristol, Durham na King's College cha London. Mwombaji husoma vifungu 12 na kujibu maswali 42 ya kuchagua kwa dakika 95, kisha huandika insha kwa dakika 40. Marekani kuna LSAT, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ambao alama zake huanzia 120 na kuishia 180. Kila sehemu yake ni ya dakika 35, na sehemu ya mantiki huwa na maswali takriban 25. Ukigawa utaona kwamba kila swali lina chini ya dakika moja na nusu, pamoja na kusoma.

Hakuna kati ya mitihani hiyo miwili inayomtaka mwombaji awe anajua sheria. Hapulizwi kifungu wala katiba. Anapewa aya fupi kuhusu jambo lolote, kwa mfano kilimo, afya au historia ya sanaa, kisha anaulizwa: ni lipi linalofuata kwa lazima kutokana na maneno haya? Ni dhana gani iliyojificha ndani ya hoja hii? Ni taarifa gani ingeidhoofisha?

Onyo moja kwa wanaonunua vitabu vilivyokwisha kutumika. Hadi katikati ya mwaka 2024, LSAT ilikuwa na sehemu iliyofahamika kama michezo ya mantiki, ambapo mwombaji hupanga watu katika viti au siku katika juma kwa kufuata masharti. Sehemu hiyo iliondolewa kuanzia Agosti 2024. Chimbuko lake ni shauri la mtu mmoja asiyeona wa jimbo la Michigan, aliyelalamika kwamba maswali yale yalimlazimu mtu kuchora michoro ambayo yeye hawezi kuiona. Pande mbili zilifikia makubaliano mwaka 2019, na baada ya miaka kadhaa ya maandalizi nafasi ya michezo ile ikachukuliwa na sehemu ya pili ya maswali ya hoja. Vitabu vya zamani bado vinauzwa, na kijana anaweza kumaliza miezi miwili akifanya mazoezi ya kitu ambacho hakimo tena.

Je, ni suala la akili au la mazoea?

Neno mantiki limetufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko ni ule wa kutamka, kusema. Naona jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba maswali ya mantiki hupima ubongo ambao mtu amezaliwa nao, kana kwamba ni kimo au rangi ya macho. Kwa sehemu kubwa hupima namna ya kusikiliza maneno.

Mwaka 1931 na 1932, mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alikwenda Uzbekistan kuzungumza na wakulima ambao hawakuwahi kwenda shule. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Kisha akawauliza dubu wa huko wana rangi gani. Baadhi walikataa kujibu. Walisema hawajawahi kufika huko, na kwamba jambo ambalo mtu hajaliona hawezi kulisemea. Vijana waliokuwa wamesoma hata kidogo walijibu bila shida kwamba ni weupe.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa ili kuonyesha upungufu wa wakulima wale. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Mahakamani, mtu anayesema "sikuwepo, sikuona, siwezi kusema" ndiye shahidi ambaye kila hakimu angependa kuwa naye. Wakulima walikuwa wakifuata kanuni nzuri mahali ambapo haikuhitajika. Mtihani una kanuni yake, nayo ni kwamba kauli ulizopewa zinachukuliwa kuwa za kweli hata kama una shaka nazo, na zile ambazo hukupewa hazimo chumbani hata kama unazijua vizuri. Binti yetu aliwahi kukosa swali kuhusu kahawa kwa sababu babu yake analima kahawa na aya ile ilimkera. Alijibu kuhusu kahawa ya babu.

Jaribio jingine ni la mwanasaikolojia wa London, Peter Wason, la mwaka 1966. Una kadi nne mezani, na kila moja ina herufi upande mmoja na nambari upande wa pili. Zinaonekana A, K, 4 na 7. Kanuni ni hii: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, basi ina nambari shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi ambazo lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa? Wengi huchagua A peke yake, au A na 4. Jibu ni A na 7. Waliopata katika majaribio ya awali walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya kumi.

Sasa iache hiyo na uwe polisi wa barabarani hapa Kigali. Kanuni ni kwamba kila anayepanda pikipiki lazima avae kofia ngumu, au kasike kama tunavyoiita. Ukuta unaficha nusu ya miili ya watu wanne. Wa kwanza unamwona yuko juu ya pikipiki lakini kichwa hukioni. Wa pili anatembea kwa miguu, kichwa hukioni. Wa tatu unaona kasike kichwani, lakini hujui kama amepanda au anatembea. Wa nne yuko kichwa wazi, na hujui kama amepanda au anatembea. Utawafuatilia akina nani? Kila motari wa Kigali atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: wa kwanza na wa nne. Mwenye kasike hana kosa hata kama anakwenda sokoni kwa miguu.

Ni swali lilelile la kadi. Aliyepanda pikipiki ndiye A, aliye kichwa wazi ndiye 7, na yule mwenye kasike ndiye 4, ambaye watu humgeuza bure. Watafiti wawili wa Florida walifanya jaribio la namna hii mwaka 1982 kwa kutumia kanuni ya umri wa kunywa bia, na takriban robo tatu ya washiriki walijibu sawasawa. Akili ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kanuni ya ruhusa na katazo tunaishi nayo kila siku. Kwa hiyo ushauri wa kwanza niliompa binti ulikuwa huu: ukikutana na kauli kavu yenye "ikiwa" na "basi", igeuze kuwa kanuni ya barabarani, kisha jiulize ni nani anayeweza kukamatwa.

Maneno madogo yanayotega

Kizazi chake kimesoma masomo mengi kwa Kiingereza, kufuatia uamuzi wa serikali ya Rwanda wa mwaka 2008. Nyumbani anazungumza Kinyarwanda, na kwa bibi yake, Biryogo, ni Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Mtu wa lugha tatu ana utajiri mkubwa, lakini mtihani humsubiri kwenye maneno yasiyozidi silabi tano.

Tuanze na "isipokuwa", ambalo kwa Kinyarwanda ni "keretse". Nina deni la zamani nalo. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilifasiri tangazo lililosema kwamba maduka hayataruhusiwa kufunguliwa isipokuwa yamekaguliwa. Kwa haraka za saa ya habari nikaandika kwamba maduka yaliyokaguliwa yatafunguliwa. Mhariri alilinasa kosa dakika chache kabla ya kusomwa hewani. Mimi sikuwa nimeliona kosa lenyewe, hadi aliponiuliza: duka lililokaguliwa likakutwa chafu, nalo litafunguliwa? Dawa niliyojifunza siku ile ni kuliondoa neno hilo na kuweka "kama si". Hayatafunguliwa kama hayakukaguliwa. Kutoka hapo unaweza kusema kwa usalama kwamba duka lililo wazi kihalali limekaguliwa, na huwezi kusema zaidi. Kukaguliwa ni sharti la lazima. Hakuna aliyekwambia kwamba ni sharti la kutosha.

Linalofuata ni "tu", na hili ni letu sisi waswahili, kwa kuwa maana yake hutegemea mahali linapoketi. "Mawakili tu ndio wanaoingia" maana yake ni kwamba kila anayeingia ni wakili. Hatujui kama mawakili wote huingia. "Mawakili wanaingia tu" ni jambo jingine kabisa: wanaingia bila kuzuiwa, na huenda wengine nao wanaingia. Mtu anayesoma swali la Kiingereza na kulifasiri kichwani anaweza kuliweka "tu" mahali pasipo pake na hoja nzima ikapinduka.

Kisha kuna "wote" pamoja na ukanushi. "Wanafunzi wote hawakufaulu." Wasomaji wawili watakupa maana mbili: kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu, au kwamba waliofaulu si wote. Katika mazungumzo sauti hutusaidia, lakini katika karatasi hakuna sauti. Binti huandika pembeni "hakuna" au "si wote" kabla ya kuendelea, na tangu aanze tabia hiyo maswali ya aina hii hayamsumbui sana.

"Baadhi" ni mtego wa upole. Nikisema baadhi ya majirani walihudhuria umuganda, wewe unaelewa kwamba wengine hawakufika, na pengine unaanza kuwahesabu. Katika mtihani, baadhi ni angalau mmoja, na huenda ni wote. Ukichagua jibu linalosema "kuna majirani ambao hawakuhudhuria", umeongeza la kwako.

Ila linalonikosesha usingizi mimi binafsi ni "wengi". Kiingereza kina maneno mawili tofauti: moja la watu walio wengi kwa idadi, na jingine la watu waliozidi nusu. Kiswahili cha kila siku huyafunika yote mawili kwa "wengi", na tusipoandika "walio wengi" au "zaidi ya nusu" tofauti hupotea. Katika habari ya uchaguzi hilo ni kosa kubwa. Katika mtihani ni alama iliyopotea, kwa sababu kuna hesabu ndani yake. Chukua darasa la wanafunzi 30. Zaidi ya nusu wanajua Kiswahili, yaani angalau 16. Zaidi ya nusu wana simu, yaani angalau 16. Kumi na sita na kumi na sita ni 32, na darasa lina watu 30. Kwa hiyo lazima wawepo angalau wawili wanaojua Kiswahili na pia wana simu, hata bila kuwauliza. Sasa sema kwamba "wengi" wanajua Kiswahili na "wengi" wana simu, kwa maana ya idadi kubwa tu, tuseme kumi na kumi. Huenda hakuna hata mmoja mwenye vyote viwili.

Mfano wa swali la kudhoofisha hoja

Si maswali yote yanayohusu maneno ya masharti. Mengi hukupa hoja na kukutaka uitikise. Huu ni mfano niliotunga mwenyewe:

"Tangu taa za barabarani ziwekwe katika mtaa wetu, wizi wa usiku umepungua. Kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza wizi." Ni taarifa ipi inayodhoofisha hoja hii zaidi? Kwanza, gharama ya umeme imepanda mwaka huu. Pili, katika kipindi hichohicho wizi umepungua kwa kiwango kilekile katika mitaa jirani ambayo haikuwekewa taa. Tatu, wakazi wengi wanazifurahia taa hizo. Nne, mitaa mingine ya mji ilikuwa na taa tangu zamani.

Jibu ni la pili. Kama wizi umepungua vilevile pasipo na taa, basi huenda kuna sababu nyingine, labda irondo, yaani ulinzi wa usiku wa mtaa, imeongezwa kote. Angalia kwamba taarifa hiyo haithibitishi kuwa taa hazikusaidia. Inadhoofisha, haiangushi, na swali halikutaka zaidi ya hapo. La kwanza ndilo linalowavuta wengi kwa sababu linagusa mfuko, lakini hoja haikuwa kuhusu gharama.

Busanza na sentensi moja ya sheria

Huenda msomaji anajiuliza haya yote yana uhusiano gani na sheria yenyewe. Hapa Busanza jibu liko mlangoni. Nyumba za ghorofa za mradi wa makazi ulio hapa zilijengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro, upande wa Nyarutarama. Uhamishaji huo ulichukua miaka, hadi familia za mwisho zilipoondolewa Septemba 2022. Baadhi ya wenye nyumba walifika mahakamani wakitaka walipwe fidia ya fedha badala ya kupewa nyumba.

Sipo hapa kuamua nani alikuwa na haki. Nataka tu tuisome kauli moja ya sheria namba 32/2015 ya tarehe 11 Juni 2015, inayohusu utwaaji wa mali kwa manufaa ya umma, kwa jicho la mtihani. Kwa maneno yangu, inasema kwamba fidia ya haki inaweza kulipwa kwa fedha, katika sarafu ya Rwanda, au kwa namna nyingine yoyote iliyokubaliwa kati ya anayetwaa na anayetwaliwa mali.

Tuseme hakuna makubaliano juu ya namna nyingine. Kinachobaki ni nini? Utasema fedha, na utakuwa umekaribia, lakini umepita juu ya dhana iliyojificha: kwamba njia za kulipa ni hizo mbili peke yake. Neno "inaweza" halisemi hivyo waziwazi. Wanasheria mara nyingi huisoma orodha ya namna hii kuwa imefungwa, na wana sababu zao, ila usomaji huo ni hatua ambayo mtu anaichukua na anapaswa kujua kwamba ameichukua.

Tuseme sasa makubaliano yapo, ya nyumba. Je, lazima kulipwe nyumba? Kwa sentensi hii peke yake, hapana, kwa kuwa imeruhusu tu, haikuamuru. Je, sentensi inasema nyumba ni bora au duni kuliko fedha? Haisemi lolote. Je, aliyekaa kimya amekubali? Na aliyepokea ufunguo huku akinung'unika? Hapo sentensi inanyamaza, na mantiki haina tena la kufanya. Inabidi kuitafuta maana ya kukubali katika sheria nyingine, katika mikataba na katika ushahidi.

Binti alipofika hapo aliuliza: "Kumbe shangazi, watu wanabishana mahakamani juu ya neno moja?" Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba juu ya neno hilo moja kuna paa la nyumba ya mtu.

Namna tunavyofanya mazoezi

Tuna daftari la faranga chache na sheria tatu. Hapimi muda kwa sasa. Anaandika sababu ya kulikataa kila jibu alilolikataa, hata kama amepata swali. Na kila kosa linaingia daftarini kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha kitabu: "Nimeongeza la kwangu", "nimegeuza sharti", "nimechukua baadhi kuwa si wote". Kosa likipewa jina la nyumbani linatambulika linaporudi, nalo hurudi kwa nguo nyingine.

Kuhusu vifaa, si lazima kulipa. Taasisi inayosimamia LSAT hutoa majaribio kadhaa bila malipo kupitia mtandao wake uitwao LawHub, na LNAT nao wana majaribio ya mfano katika tovuti yao. Sisi tuliyachapisha yale tuliyoweza, kwa sababu data za simu huisha na karatasi haiishi. Maswali ya LSAT ni magumu kuliko ambayo mwombaji wa Afrika Mashariki atakutana nayo mara nyingi, kwa kuwa huandikwa kwa watu wenye shahada ya kwanza. Tunayatumia polepole, kumi kwa jioni moja, na mengine tunayaacha. Katika mitihani hiyo miwili jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi muda unapokwisha; kabla ya mtihani wowote mwingine, soma maelekezo yake kuhusu jambo hilo.

Kuna watu wanaoahidi kufundisha mbinu za siri kwa ada kubwa. Nimeona karatasi zao kadhaa. Nyingi huorodhesha maneno ya kukwepa katika majibu, kama "kamwe" na "daima", kwa madai kwamba jibu lenye maneno makali huwa si sahihi. Mara nyingine ni hivyo. Lakini kauli za msingi zikiwa kali, hitimisho kali ni halali yake, na mwenye kukariri orodha atalikataa jibu sahihi kwa ujasiri wote.

Juma la kwanza binti alipata maswali 15 kati ya 25. Juma la pili alipata 14, akanuna, akasema bora alivyokuwa akijibu haraka bila kufikiri. Tulikaa na daftari. Katika 15 zile za mwanzo, sita hakuweza kueleza kwa nini alizipata. Katika 14 zilizofuata, alieleza zote isipokuwa moja. Aliuliza kama sasa tuanze kupima muda.

Nilimwambia bado, mwanangu. Tuanze na hiyo moja.